Mkanda Wenye Zipu

Abiria wa njia ya Kisumu kwenda Kakamega ni watu wema. Watalipa nauli bila kuvutana na watapakatiana hadi kuku. Lakini waambie wafunge mikanda, utadhani umewaomba figo.

Mimi ndiye konda, kwa hiyo visingizio vyao vyote vimepita masikioni mwangu. Mwenye shati jeupe husema mkanda ni mchafu, na hapo hadanganyi. Mwenye mwili husema unambana tumbo. Huyo ameuvaa vibaya: kipande cha chini hukaa kwenye mifupa ya nyonga na cha juu hupita katikati ya bega, mbali na shingo. Wa Kiboswa husema, "Nashuka tu hapo." Sababu yenyewe hakuna anayeitaja. Wamepanda matatu miaka nenda miaka rudi wakafika salama, na kila walipofika wakazidi kuamini kwamba mkanda hauna kazi. Ajali hawajaiona, ila polisi wanamwona kila siku. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, zilituletea abiria wasiozidi 14, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mkanda kila kiti. Hadi leo ule mkanda ni vazi la kwenye kizuizi cha polisi tu.

Sasa Jumamosi moja akaketi mbele mzee mwenye suti ya rangi ya krimu, anaelekea Mbale kupokea wageni wa mahari.

"Mzee wangu, tufunge mkanda."

"Kijana, suti hii imetoka kwa dobi jana."

Nikampigia hesabu. Gari likigonga kitu kwa kilomita 80 kwa saa, kishindo chake ni sawa na kuanguka mita 25, yaani kama ghorofa ya nane. Akanijibu kwa upole kwamba Mbale hakuna ghorofa nane.

Tumepita Kiboswa, tunakata kona, afande huyu hapa katikati ya barabara. Dereva akakanyaga breki. Mzee akaunyakua mkanda na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Tak! Ukagoma. Akavuta tena. Tak!

Ule mkanda haukuwa umeharibika. Ndani ya kasha lake mna kigololi cha chuma. Breki ikishikwa kwa nguvu, kigololi husogea na kuinua kijino, kijino hunasa gurudumu la meno, mkanda ukakwama. Tena mna mtego wa pili: ukiuvuta ghafla hukwama hata kama gari limeegeshwa. Mzee aliifyatua yote miwili kwa mpigo. Dawa yake ni kuuachilia urudi kidogo, halafu kuuvuta taratibu.

"Taratibu, mzee!" nikapiga kelele. Lakini nani amewahi kuvuta kitu taratibu huku afande anamjia?

Nyuma nako patashika. Mikanda ya huko ni ya kiunoni tu, haina kasha, na vifungio vimejaa maganda ya njugu. Wengi waliitandaza mapajani basi. Mama mmoja alishika ncha mbili chini ya leso, akafumba macho. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyefunga, ila alishindilia ulimi wa chuma wa mkanda wa jirani katika kifungio chake mpaka ukaingia.

Afande akasimama dirishani kwa mzee. Mzee katulia, kifua mbele, mkanda mweusi umekatiza begani hadi kiunoni. Afande akaufuata kwa macho polepole, akainama.

"Mzee, mkanda wako una zipu?"

Ulikuwa wa mkoba wake.

"Afande," mzee akasema bila kupepesa, "huu ni wangu binafsi. Ni msafi."

Afande hakucheka. Akageukia nyuma: "Wote, mikono juu!" Ikainuliwa, na mikanda ikaanza kudondoka sakafuni, mmoja baada ya mwingine, ule wa mama wa leso ukiwa wa mwisho. Akabaki mwanafunzi peke yake. Afande akamsifu mbele ya gari zima, kisha akasimama pale pale mpaka mzee akaufunga wake, taratibu, ukakubali mara ya kwanza. Mbale alishuka na mstari wa kahawia kutoka begani hadi nyongani. Wakwe wakauona kabla hawajamwona yeye.

Tulipofika Chavakali, kijana wa mfano akashindwa kutoka. Kwa kawaida mkanda ukikaza, abiria husukuma kiuno nyuma ulegee, ndipo abonyeze kitufe. Huu haukusikia, ulimi haukuwa wake. Ikabidi niusimamishe ule ulimi upande na utepe, maana ukilala ndipo unapouma, nikauvuta utepe upite kidogo kidogo mpaka akapata nafasi ya kuchomoka kwa chini. Suruali nusura ibaki kitini.

Mama aliyekuwa akingoja kupanda akaona kiti kina mkanda uliokwisha kufungwa. "Afadhali hiki," akasema, "kimefungwa tayari." Akaukalia.