Jalada Halipigiwi Kura

Mwandishi anayejichapishia vitabu huwa na watu wawili wa kuegemea: msomaji wa awali, anayepewa mswada kabla haujatoka, na mchoraji wa jalada. Siku hizi imezoeleka kuwakutanisha. Rasimu tatu za jalada zinatupwa kwenye kundi la WhatsApp la wasomaji hao, wachague. Wengi wanaona huo ndio uungwana wenyewe. Wachoraji wakinung'unika, wanaambiwa wana kiburi cha usanii.

Wanaotetea kura wana hoja. Mchoraji mara nyingi hapewi mswada mzima, anapewa muhtasari na sura moja au mbili. Aliyesoma chote ndiye atakayegundua kwamba silaha iliyochorwa haikuwepo zama za hadithi, au kwamba kivuli kile nyuma ya mlango kinamtaja muuaji. Kosa la namna hiyo likishachapwa, aibu ni ya mwandishi. Na fedha ni zake pia.

Ila kuona kosa ni kazi moja, kuchagua jalada ni nyingine.

Niliwahi kuwamo kwenye kundi kama hilo. Rasimu ya kwanza ilikuwa mlango ulioachwa wazi nusu na mwanga mwembamba sakafuni, basi. Mmoja akauliza, "Kovu la dada mtu liko wapi?" Mwingine akataka mto uonekane. Wa tatu akaidai barua, maana bila barua hakuna kisa. Hakuna aliyekosea kuhusu hadithi. Kufikia raundi ya nne, mlango ulikuwa umezibwa na uso, mto na barua, na jina la mwandishi limebanwa pembeni kama abiria aliyepanda mwisho. Mimi mwenyewe niliipigia kura barua.

Tatizo letu ni kwamba tulikuwa tumeshakisoma. Tulitaka picha ya kutukumbusha, wakati jalada lina kazi ya kumsimamisha mtu asiyejua lolote, tena kwa kufumba na kufumbua. KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia, inapendekeza jalada la kitabu pepe liwe na urefu wa pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 2,560 na upana wa 1,600. Hizo ni pikseli 4,096,000. Sasa chukulia kwamba dukani, kwenye simu ya mnunuzi, limepunguzwa hadi urefu wa pikseli 160. Upana unakuwa 100, jumla 16,000. Katika kila pikseli 256 alizohangaika nazo mchoraji, imebaki moja! Kovu halipo tena, barua ni doa jeupe. Mlango na mwanga wake vingeonekana. Sisi tulikuwa tukiikuza rasimu kwa vidole viwili ili tulitafute kovu. Mnunuzi hakuzi kitu, anapitisha kidole na kwenda zake.

Lawama nyingine ni kwamba mchoraji "anachelewesha" kwa kung'ang'ania idadi kamili ya kurasa. Hesabu inamtetea. Kwa karatasi ya rangi ya krimu, KDP hukadiria unene wa inchi 0.0025 kwa kila ukurasa. Kitabu cha kurasa 320 kina mgongo wa inchi 0.8. Wasomaji wa awali wakisema katikati kunachosha, zikakatwa kurasa 40, mgongo unakuwa inchi 0.7. Milimita mbili na nusu hivi, lakini zinatosha kusogeza maandishi ya mgongoni hadi ukingoni. Kwa hiyo wasomaji wamalize kwanza, ndipo jalada la karatasi likamilishwe.

Kuna na suala la haki. Katika nchi nyingi, mchoraji wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aiachie kwa maandishi; mwandishi amenunua ruhusa ya kutumia. Msomaji mwema anayechukua rasimu na "kurekebisha rangi kidogo" kwenye simu yake anachezea mali ya mtu.

Ningemwambia mwandishi awaulize wasomaji wake jambo moja tu: kuna kosa, au siri iliyovuja? Rasimu aipeleke kwa watu ambao hawajasoma hata ukurasa, iwe ndogo kama ukucha, awaulize wanadhani ni kitabu cha aina gani.

Mwandishi wa kundi letu hatimaye aliurudia mlango. Zile raundi nne alizilipia.