Jina lilinifuata kijijini, fomu ikampita mwanangu

Watoto wangu wawili wanatoka nyumbani asubuhi pamoja, wanaingia mlango mmoja wa sekondari ya Montgomery Blair hapa Silver Spring, Maryland, halafu kila mmoja anasoma shule yake. Kifungua mimba yuko darasa la 12, mwanafunzi wa kawaida, yupo pale kwa sababu tunaishi mtaa unaohudumiwa na shule hiyo. Kitinda mimba yuko la 10, kwenye programu maalumu ya hisabati, sayansi na kompyuta. Wenyeji wanaziita programu za namna hiyo sumaku, nasi Waswahili wa huku tunasema tu "magneti". Binti ana kipindi cha nane ambacho kaka yake hana. Kaka yake ana usingizi ambao binti hana.

Wageni wakija nyumbani wanampongeza binti. Kaka mtu anatabasamu na kwenda jikoni kuongeza chai. Mimi ndiye nisiyemeza kitu wakati huo, na leo nataka kueleza kwa nini.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la saba katika shule ya msingi moja ya vijijini, wilaya ya Iramba, Singida. Madawati yalikuwa ya darasa la sita na la saba tu. Tulifanya mtihani kama watoto wote wa nchi, tukarudi kuchunga. Sikuomba shule yoyote, na baba yangu hakujaza karatasi yoyote. Hata angeletewa, angeweka dole gumba. Miezi ikapita. Siku moja mwalimu mkuu akarudi kutoka wilayani kwa baiskeli, akapita moja kwa moja hadi zizini kwetu, akamwambia baba kwamba mtoto wake amechaguliwa shule ya vipaji maalumu. Baba akauliza hiyo iko wapi. Mwalimu akamtajia mkoa. Baba akauliza nauli.

Shule yenyewe sitaitaja, maana nitasema mazuri na mabaya yake, ila Watanzania wanazijua zote saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Nilifika na tranka la bati na ndala mpya. Kitanda cha juu yangu alilala mtoto wa afisa wa serikali kutoka Dar es Salaam, cha pembeni mtoto wa mvuvi wa Ukerewe. Hakuna hata mmoja wetu ambaye mzazi wake alikuwa amehudhuria kikao cha maelezo. Jina lako lilitoka kwenye alama, likakutafuta huko huko ulikokuwa.

Sasa njoo huku. Tulishinda grin kadi, tukafika vuli ya 2019, kijana akiingia darasa la sita. Nilibeba boksi miezi minane, kisha nikapata kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku. Kijana alikuwa mtu wa hesabu tangu Dodoma. Kule tulikotoka angeitwa kipanga. Nikajua serikali itamwona, kama ilivyoniona mimi. Hivyo ndivyo nilivyojua dunia inavyokwenda.

Ilikuwa Januari 2022, saa nane ya usiku, tukinywa kahawa kazini, mama mmoja Mkenya akaniuliza, "Na wako aliomba magneti?" Nikamuuliza magneti ni nini. Akaweka kikombe chini. "Kwani hukujaza ile fomu? Hiyo ilifungwa kitambo." Ilijazwa vuli, mtoto akiwa darasa la nane. Mtoto wangu alikuwa darasa la nane.

Nilikwenda kwenye shule yake ya kati, nikaonana na mshauri wa wanafunzi. Alikuwa mpole. Akanionyesha kwenye kompyuta kwamba taarifa ilitumwa kwa barua pepe, tena mara mbili. Ni kweli, ilitumwa. Ilikuwa katikati ya tangazo la kuuza piza na tangazo la chawa, kwenye anwani niliyofunguliwa na msichana wa ofisi siku tuliyoandikishwa. Hakuna aliyenidanganya. Wala hakuna aliyemtazama mtoto akasema, huyu mbona hayumo? Alama zake zilikuwa pale pale kwenye kompyuta ile ile.

Binti alipofika la nane, vuli ya 2023, fomu ilijazwa siku ya pili baada ya kufunguliwa. Aliyemsaidia kuandika insha zake ni kaka yake.

Nisieleweke kwamba programu yenyewe naidharau. Kinyume chake, inanitia wivu. Ilianza mwaka 1985, inachukua watoto kama 100 kila mwaka, ndani ya shule yenye wanafunzi zaidi ya 3,000. Wanasoma utafiti kama somo, na vifaa wanavigusa tangu mwaka wa kwanza. Wakubwa wana masomo ya kuchagua ambayo mimi mwana PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, niliyakuta chuo kikuu au sikuyakuta kabisa: fizikia ya kwanta, elimu ya wadudu, baiolojia ya bahari, akili unde. Kuna safari ya Wallops Island, pwani ya Virginia, watoto wanaingia matopeni kuokota viumbe. Kisha likizo kabla ya mwaka wa mwisho wanapelekwa maabara halisi kufanya utafiti wao, na hapo ndipo mahali panapowabeba: taasisi ya taifa ya afya iko Bethesda, kituo cha Goddard cha NASA kiko Greenbelt, Chuo Kikuu cha Maryland kiko College Park, vyote jirani. Wenzao wa programu ya mawasiliano na sanaa, humo humo ndani, wanajifunza kuandika na kutengeneza filamu, na gazeti la wanafunzi, Silver Chips, linaandika habari ambazo kwetu zingemfanya mwalimu wa nidhamu aitishe paredi.

Sisi tulipewa nini? Tulipewa walimu wakali, na mtihani. Tulikuwa na maabara, na hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu shule nyingi za wenzetu walifanya mtihani mbadala, wanaeleza kwa kalamu rangi ambayo hawajawahi kuiona kwenye chupa. Lakini hata praktiko zetu zilikuwa za kutafuta jibu ambalo mwalimu alikuwa nalo tayari. Miaka sita ya kipaji maalumu, na sikuwahi kuulizwa hata siku moja nataka kujua nini. Binti yangu aliulizwa hivyo mwezi wa kwanza. Alilia. Alidhani ni swali la mtego.

Kwa hiyo mkinisikia nasema kwetu kulikuwa na kitu bora, sisemi masomo. Nasema mlango.

Na hapa pana kichekesho kichungu. Sumaku hizi hazikubuniwa kwa ajili ya vipanga. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema shule za kutenga watoto kwa rangi ni haramu. Miaka ikapita bila mengi kubadilika, mahakama zikaanza kuamuru watoto wabebwe kwa mabasi kutoka mtaa hadi mtaa, wazazi Wazungu wengi wakahama au wakakimbilia shule binafsi. Ndipo baadhi ya miji ikageuza hesabu: badala ya kumlazimisha mtoto aende, weka kitu kitamu kwenye shule anayoikimbia, atakuja mwenyewe. Blair ya miaka ile ilikuwa inajaa watoto wa weusi na wahamiaji maskini, na programu ikawekwa pale ili ivute wengine warudi. Hata jina la shule lina historia yake: Montgomery Blair, waziri wa posta wa Lincoln, ndiye mwanasheria aliyemtetea Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mbele ya Mahakama Kuu, kesi iliyoamuliwa dhidi yake mwaka 1857.

Sumaku ikavuta kweli. Ukisimama kwenye ile korido yao kuu wanayoiita Blair Boulevard, utaona dunia nzima: Wasalvador, Wahabeshi, Wachina, Wazungu, sisi. Shule imechanganyika. Kengele ikilia, wanachujwa. Binti yangu anahesabu kwa vidole vya mkono mmoja weusi wenzake katika darasa lake la hesabu. Kaka yake, ukuta wa pili, hana haja ya kuhesabu. Ni nyumba moja, sebule ni ya wote, vyumba vina funguo. Na ufunguo, kwa ninavyoona mimi, hauko kwenye akili peke yake. Uko kwa mzazi anayejua Kiingereza cha barua, ambaye hakulala mchana kwa sababu ya zamu, ambaye ana rafiki wa kumnong'oneza.

Wapo ndugu zangu hapa watakaosema, acha kulalamika, jifunze mfumo. Nimejifunza. Ninachouliza ni kwa nini mtoto aadhibiwe kwa muda ambao baba yake alihitaji kujifunza.

Wamarekani wenyewe wanalijua hili na wanagombana. Hapa hapa kaunti yetu, kwa shule za kati, waliacha kungoja mzazi aombe, wakaanza kupitia alama za watoto wote. Ng'ambo ya mto, Virginia, kuna sekondari maarufu ya sayansi, Thomas Jefferson. Mwishoni mwa 2020 waliondoa mtihani wa kuingilia, wakatenga nafasi kwa kila shule ya kati, asilimia 1.5 ya darasa lake la nane. Weusi wakapanda kutoka takriban asilimia 1 hadi 7 ya wanaoingia. Wazazi, wengi wao wa asili ya Asia, wakashitaki kwamba watoto wao wamepunguzwa makusudi. Walikuwa wameshuka kutoka asilimia 73 hadi 54. Mahakama ya rufaa ikaupitisha utaratibu huo mwaka 2023, na Februari 2024 Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi. Niliisoma habari ile nikacheka peke yangu garini. Nafasi kwa kila shule! Mbona huo ni mgao, kama tuliokuwa nao Tanzania kwa mikoa na wilaya tangu enzi za Mwalimu? Tulikuwa tunaulaumu kwamba unawaonea watoto wa Kilimanjaro na Kagera, kulikokuwa na wafaulu wengi. Ulikuwa unawaonea, ndiyo. Na bila jicho la namna hiyo huenda mimi ningekuwa bado Iramba, na mtoto wa Ukerewe angekuwa anavuta nyavu.

Wale wazazi wa Asia siwalaani. Wengi walikuja na sanduku kama mimi, wakaambiwa sheria ya mchezo ni mtihani, wakaucheza kwa jasho, kisha mtu akabadilisha goli. Ningekuwa mimi ningepiga kelele pia.

Wala nisipambe kwetu. Mtihani ule wa darasa la saba ulikuwa wa siku mbili, na mwaka wetu kipanga wa kweli wa darasa letu, ambaye mimi nilikuwa nanakili kwake, aliamka na malaria. Hakuna kamati iliyosoma insha yake wala kumwuliza mwalimu wake. Alibaki. Siku hizi nako mambo yamegeuka: ada ya sekondari za serikali imefutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022, hilo nalipigia makofi. Lakini mwenye fedha anamwanzisha mtoto shule binafsi ya Kiingereza na tuisheni ya jioni, na mtihani uleule usioangalia uso unaanza kutambua viatu. Na kipaji maalumu kwetu maana yake ni kuhama nyumbani ukiwa na miaka kumi na minne. Mama yangu alinipoteza mwaka ule. Binti yangu anarudi kila jioni na kula ugali na kaka yake.

Mwaka 2025 kaunti ilitoa mpango wa kuigawa katika kanda sita, kila kanda iwe na programu zake, badala ya watoto wote kuelekea shule chache. Wazazi wa magneti wengi walikasirika: walimu wale na kozi zile za ajabu hazigawanyiki mara sita. Wana hoja. Nilikwenda kwenye kikao kimoja, nikakaa nyuma. Kila aliyesimama kuongea alikuwa mzazi ambaye mtoto wake yumo. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, kuhusu mtoto ambaye hayumo. Zamu ikakaribia, nikaondoka bila kuyasema. Haya mnayosoma ndiyo yale.

Kijana hana kinyongo, au ameficha vizuri. Ameomba vyuo, anataka uhandisi. Ninapomtajia fomu ile huniambia, "Baba, basi."

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia picha ya simu kutoka Singida. Mtoto wake kachaguliwa, shule ya vipaji maalumu. Hakujaza kitu. Jina limetoka mtandaoni, na chini yake fomu ya kujiunga, kurasa tano, ndiyo anayotaka nimsaidie: godoro, shuka mbili za rangi ya shule, ndoo, rimu ya karatasi, fagio, jembe lenye mpini. Nilikuwa nawasomea watoto tukiwa garini. Binti akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake.

"Jembe? La somo gani?"

Kaka yake akamwambia anyamaze, baba anahesabu bei.