Kasha la Witu na Tamasha la Amu

Mwaka 1890 kikosi cha Waingereza kiliushambulia mji wa Witu, bara karibu na Lamu, na kuutia moto. Inasimuliwa kwamba katika moto ule ndipo ilipopotea nakala asili ya habari za wafalme wa Pate, kisiwa jirani cha Lamu, iliyokuwa mikononi mwa Sultani wa Witu, mzawa wa ukoo wa Nabhani waliotawala Pate. Tunachosoma leo kimetoka kwa kiasi kikubwa kichwani mwa mtu mmoja, Bwana Kitini, mzee wa ukoo huohuo, aliyewasimulia maafisa wa Kiingereza na wengine waliomwendea. Kila aliyemsikiliza aliandika yake, na matoleo hayo hayalingani kwa miaka wala kwa mpangilio wa wafalme.

Kisa hiki kila upande unaweza kukishika na kukifanya ushahidi. Anayetaka urithi wa mji ufunguliwe kwa watu wote atasema: kilichowekwa mahali pamoja kiliungua, kilichosimuliwa kikabaki. Anayetaka ulindwe atajibu: kilibaki kwa kalamu ya mgeni, na wenyewe hawakupata nafasi ya kukisahihisha. Nimekuwa nikiwasikiliza wa pande zote mbili kwa muda mrefu, na sioni anayesema upuuzi.

Mjadala wenyewe ni huu. Katika miji yetu midogo ya pwani wapo watu waliojitwika kazi ya kutunza historia ya mahali. Tanga kuna shirika la Urithi, lililolifanya boma la zamani la Wajerumani kuwa makumbusho yenye picha za mji wa wakati huo. Bagamoyo kuna makumbusho ya misheni ya Wakatoliki, na pembeni yake tamasha la sanaa linaloandaliwa na chuo cha sanaa cha pale mjini. Lamu, au Amu kwa wenyewe, ambako ndiko nitakakokaa zaidi, kuna Makumbusho ya Taifa, kamati za misikiti, vikundi vya ngoma na miungano ya wenyeji. Wote hao nguvu zao ni chache, na siku zao za kazi zinahesabika. Je, wazimalizie kwenye matamasha na mashindano yanayokusanya watu, au kwenye kazi ya kimya ya kuandika, kurekodi na kuhifadhi?

Lamu iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ikitajwa kuwa mji mkongwe wa Waswahili uliohifadhika kuliko yote Afrika Mashariki. Tangu wakati huohuo mji umekuwa na tamasha lake la utamaduni, kwa kawaida mwezi wa Novemba: mashindano ya punda, mashua na kuogelea, bao, hina, ushairi, ngoma. Wanaolitetea wana hoja nzito kuliko ile ya fedha za watalii inayorudiwa kila mara. Wanasema ufundi hauhifadhiki kwenye kabati. Mashua isiyoshindana haina sababu ya kushonewa tanga jipya, na kijana asiyekuwa na mashindano ya kumtia hamu atachukua injini tu, kisha baada ya kizazi kimoja hakuna ajuaye kuusoma upepo wa mkondo wa Manda. Fundi wa kijiji cha Matondoni anaendelea kuunda mashua kwa sababu yupo wa kuzitaka. Ndivyo ilivyo pia kwa mshonaji wa kofia na mchonga milango. Kwao tamasha ni oda.

Tena kuna jambo la watoto. Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela kati ya Lamu na Pate, kwa msaada wa Sayyid Said wa Oman. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Yaani kwa miaka zaidi ya sabini jengo kubwa kuliko yote mjini lilikuwa mahali ambapo mtu hakutaka kuingia. Leo ndani yake kuna maktaba na maonyesho. Mtoto ambaye babu yake alipita upande wa pili wa uwanja ili asiwaone askari wa lango sasa anaingia humo kusoma. Hilo halikutokea kwa kuandika nyaraka. Lilitokea kwa sababu milango ilifunguliwa na watu wakaitwa waje.

Sasa upande wa pili. Tamasha lina saa zake, na saa hizo hupangwa kwa ajili ya anayetazama. Utenzi wa beti mia unasomwa beti saba. Kirumbizi, mchezo wa fimbo wenye adabu zake na wenyewe wa kuuanza, unakatwa katikati kwa sababu mgeni rasmi amefika na hotuba zinasubiriwa. Jambo likikatwa hivyo miaka kumi, kijana anayejifunza huamini kwamba ule ufupi ndio lenyewe. Hili si dogo. Kusahau kwa namna hii hakuonekani, maana kila mwaka ngoma inachezwa na kila mtu anapiga makofi.

Halafu kuna kumtegemea mgeni. Mwaka 2011 wageni kutoka Ulaya walitekwa Kiwayu na Manda, huko huko Lamu. Mwaka 2014 yakaja mashambulizi ya Mpeketoni, upande wa bara, na amri ya kutotoka nje usiku ikafuata. Nyumba za wageni zikawa tupu. Mji ulioambiwa kwamba urithi wake una thamani kwa sababu wageni wanaupenda uliachwa ukijiuliza urithi huo ni wa nini wageni wasipokuja. Na walipokuwa wakija, baadhi yao walinunua nyumba za mawe. Mwenye nyumba alipata haki yake na nyumba ikakarabatiwa vizuri, pengine vizuri kuliko ambavyo angeweza yeye. Ila vidaka vya ukutani ambavyo bibi aliviwekea vyombo vya arusi sasa havina wa kueleza kipi kiliwekwa wapi na kwa nini.

Hapa ndipo wengi huitoa Maulidi kuwa mfano wa sherehe iliyosalimika. Mwisho wa Mfungo Sita watu huja Lamu kutoka pwani nzima, Visiwani na Ngazija huko Komoro, wakalala kwa jamaa na kwa wasiowajua, wakasoma na kutembea kwa zefe, maandamano ya Maulidi. Haihitaji mdhamini ili ifanyike. Ni kweli, ingawa siku hizi hata wiki ya Maulidi imeongezewa mashindano ya punda na mashua, kwa hiyo mpaka kati ya ibada na tamasha si mnyoofu kama tunavyoupiga.

Lakini tazama Maulidi hayo yalivyoanza. Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alikuja Lamu karne ya kumi na tisa. Aliwafundisha watu ambao wenye mji hawakuwaona kuwa wa kufundishwa, wakiwemo watumwa na wazawa wa watumwa. Msikiti wake wa Riyadha haukujengwa Mkomani, kwenye majumba ya mawe ya waungwana. Ulijengwa Langoni, mtaa wa watu wa chini. Alipoingiza matari, ngoma za kupigwa kwa mkono, katika Maulidi wapo wanazuoni na wakubwa wa mji waliompinga waziwazi, wakaona ni uzushi. Kitu ambacho leo ni fahari ya Amu yote, kinachotajwa kwanza Lamu inapotajwa, kilikuwa kigeni na cha watu wa chini. Laiti ingekuwapo wakati huo kamati ya kulinda urithi halisi wa mji, naamini ingekikataa.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema kazi ya chama cha historia ni kulinda yaliyo asili tu, namwuliza asili ya nani. Sote tumekua na methali ya mwacha asili ni mtumwa. Inasomwa kwenye mabango na hotuba za utamaduni. Isome tena ukiwa umekaa karibu na mtu ambaye bibi wa bibi yake aliletwa mashamba ya bara ya Lamu kwa nguvu, akapewa jina jipya, na asili yake ikafutwa na watu wenye asili. Methali ile inamhukumu kwa jambo alilotendewa. Majumba ya Mkomani tunayoyaonyesha kwa fahari, na ninayapenda sana, chokaa yake ilichomwa na kupondwa na mikono hiyo. Boriti zake za mikoko zilikatwa na kubebwa na mikono hiyo. Ukitembea ndani ya nyumba zilizofanywa makumbusho utajua chumba cha bwana arusi kilikuwa wapi. Ni vigumu zaidi kujua mpishi alilala wapi.

Tamasha haliwezi kulibeba jambo hili. Huwezi kulipangia dakika kumi kati ya bao na hina. Na pengine familia zenyewe hazitaki lisemwe hadharani, kwa sababu mji ni mdogo, watu wanaoana, na jina likitajwa jukwaani leo, kesho linafika kwenye posa ya mtu. Upande wa wanaotaka kimya una hoja hapa ambayo wanaharakati wa mjini Nairobi hawaielewi vizuri. Kusiri jambo si lazima kuwe ni kulikana. Lakini siri isiyoandikwa popote hufa na mwenyewe, na baada ya hapo kukana kunakuwa rahisi kabisa.

Kuna kisa kingine ambacho kwangu mimi kimepima hoja hizi kuliko vyote, nacho kilipita mahakamani. Mradi wa bandari mpya ya Lamu, sehemu ya LAPSSET, mpango wa bandari, barabara na reli wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulipoanza, wenyeji walifungua shauri mwaka 2012. Wakati huohuo muungano wa vikundi vya wenyeji, Save Lamu, ulikuwa ukikusanya na kuandika maisha ya jamii za Lamu: wavuvi wanavua wapi na kwa msimu gani, mikoko inakatwa vipi, mahali gani pana heshima yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wenyeji zilivunjwa, ikiwemo haki ya utamaduni, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Malipo yenyewe yalikuwa na safari ndefu na chungu, na gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa huko huko.

Hakimu hawezi kuletewa mashindano ya mashua. Anataka jina la mahali, jina la nyavu, na maelezo ya mtu aliyerithi kazi kwa babu yake. Katika saa ambayo mji ulihitaji urithi wake uwe ngao, kilichofaa ni kazi ya watu waliokaa na wazee na kalamu. Nakiri pia kwamba watu wasingejitokeza kwa wingi ule kama hawakuwa wamezoea, kwa matamasha na Maulidi na mabaraza, kujiona kuwa ni watu wa mji mmoja wenye kitu cha kupoteza. Kwa hiyo siwezi kusema tamasha halikuchangia. Ninachosema ni kwamba lingekuja peke yake lisingetosha.

Tatizo ni kwamba mizani imelala upande mmoja. Mfadhili anapenda tamasha kwa sababu lina picha. Mwanasiasa analipenda kwa sababu lina kipaza sauti. Kurekodi mzee wa miaka themanini akitaja visima vya mtaa wake hakuna picha ya kupeleka popote, na kazi ya kuinukuu saa moja ya sauti yake, kwa Kiamu chake, inaweza kumchukua kijana makini siku nzima. Nani anamlipa kijana huyo? Hapo ndipo vyama vingi vidogo vinapokwama, na si kwa kukosa mapenzi.

Mimi ningetaka fungu la kila tamasha litengwe kabla ya kununua fulana na kukodi majukwaa, liende kwenye kazi hiyo. Nahodha anayeshindana asiondoke bila kuulizwa, mbele ya kinasa sauti, tanga lake lilikatwa na nani na jina la kila kamba. Mshindi wa bao aeleze alijifunza baraza gani. Msomaji akisoma beti saba jukwaani, beti zote mia zisomwe usiku wake mahali palipotulia, zihifadhiwe. Nakala ziwe mbili au zaidi, moja maktabani ngomeni na moja kwa familia yenyewe, ili yasirudi ya Witu. Na familia iwe na haki ya kusema: hili lisifunguliwe mpaka sote tuliotajwa tumekufa. Wanaotaka kila kitu kiwe wazi watalalamika, lakini bila ahadi hiyo wazawa wa watumwa wa Langoni hawatasema neno, nao wana haki ya kutosema.

Watu wa Shela bado huvuka kwenda Takwa, kisiwani Manda, kufanya ziara kwenye magofu ya mji ambao, kwa masimulizi yao, wazee wao waliuhama. Mashua inaingia kwenye mkondo wa mikoko maji yakiwa yamejaa, maana yakitoka haipiti. Wanasoma dua kwenye kaburi la nguzo, wanaomba mvua, wanarudi. Hapana tangazo wala mgeni rasmi. Ukiwauliza wanaokwenda, wengi watakwambia waliyoyakuta kwa wazazi wao, na wachache, wazee, watakutajia majina ya koo zilizohama na njia zilizopita. Hao wachache ndio ningewaendea mwaka huu, kabla ya Novemba.