Karibu Kufa

Mama mmoja anayekaanga samaki karibu na Mwaloni wa Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, aliniagiza kibao cha futi 4 kwa 2: stika nyekundu juu ya bati jeupe, maneno mawili tu, "Karibu Kula". "Mwanangu," akasisitiza, "niwekee mwandiko wa mkono, uwe kama barua ya mchumba."

Nikachagua Mistral, fonti ya Mfaransa Roger Excoffon iliyotoka 1953. Jina lake ni la upepo mkali wa kusini mwa Ufaransa, ningeshtukia hapo. Utamu wake ni kwamba herufi ndogo inamaliza kwa kamkia palepale inayofuata inapoanzia, neno zima likaonekana limeandikwa bila kunyanyua kalamu. Ndiyo maana haipendi kuandikwa kwa herufi kubwa tupu, na haivumilii kabisa kuongezewa nafasi kati ya herufi.

Mimi nikaongeza nafasi, kibao kijae. Viungo vikaachana, neno likawa na mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikarudisha sifuri, nikakuza herufi zenyewe. Nikatuma kwenye plota, mashine inayokata stika kwa kisu.

Kosa la pili: sikuziunganisha ziwe umbo moja kabla ya kukata. Kwenye skrini zimeshikana, lakini plota inafuata mzingo wa kila herufi, kwa hiyo kisu kinapita katikati ya kila kiungo. Kuchambua stika, yaani kubandua mabaki yasiyo herufi, "Karibu" ikanitoka vipandevipande kama sato aliyegeuzwa kabla hajaiva upande mmoja. Mita nzima jalalani.

Nikaunganisha, nikakata upya. Ila chini ya "Kula" kulibaki uwazi, nami mikia naipenda. Nikaurefusha mkia wa "a" ya mwisho, nikaurudisha kushoto chini ya neno. Ulikuwa mwembamba, kama milimita 3, na stika nyembamba iliyo peke yake hubanduka upesi. Nikaupa mshikizo: nikashusha mguu wa "l" mpaka ukaukuta. Maji ya sabuni, kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni, tepu ya kuhamishia herufi nikaivuta polepole. Safi!

Kesho yake saa nne simu ikaita. "Mwanangu, njoo uone ulichoniandikia."

Nikakuta wavuvi wamejaa mbele ya banda, wanashika mbavu. Mmoja anasoma kwa sauti: "Karibu Kufa. Mama, na kachumbari ipo?"

Nikarudi hatua kumi nyuma, nikatazama. "l" ndefu, imelala kidogo, mguu umeshuka chini ya mstari. Hiyo ni "f" isiyo na mjadala. Dukani sikuiona kwa sababu neno nililijua tayari.

Nikatoa kisu, nikakata mguu wote uliozidi chini ya mstari. Mama akanilipa nusu ya pesa, nusu akanipa kwa sahani: ugali na sato.

Nikamega tonge. Wale wavuvi wote wakanyamaza, wakanitazama mpaka nikameza.