Punda Nimepewa, Majani Nitafute Mwenyewe

Wiki iliyopita, saa saba za usiku, nilikuwa nimesimama ukumbini kwetu, kikoi kiunoni na simu ikinimulikia, nikiwaeleza wapangaji wenzangu kwa nini nyumba nzima haina umeme ilhali pikipiki yangu inao. Nyumba yetu ya Kisauni ina vyumba sita na ukumbi mmoja, na vyumba vyote sita hunyonya mita moja ya tokeni kama watoto wanaokula sinia moja. Tokeni zikiisha usiku wa Februari, upepo umekatika na joto limelala juu ya mabati, hapana haja ya mtu kupiga kelele. Pangaboi likisimama tu, mtaa mzima huamka. Walitoka mmoja mmoja wakijipepea kwa mapepeo na magazeti, wakaufuata kwa macho waya mrefu wa rangi ya chungwa uliopita juu ya mlango wangu, ukazunguka kabati la vyombo la Mama Zulekha, ukaishia tumboni mwa pikipiki ya umeme niliyoiegesha ukumbini. Kioo chake kilikuwa kinang'aa kwa raha zake: asilimia 41.

"Baba Hamadi," Mama Zulekha akaniuliza, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko matusi, "hicho chombo chako kinaweza kuturudishia walau umeme wa pangaboi moja?"

Nikamwambia hakiwezi, kwa kuwa hakikuundwa kutoa umeme nje, ila kuupokea tu.

"Basi kimekula kama mgeni asiyejua kuaga," akasema, akaenda kuchukua mkeka wake ili akalale barazani.

Mtu atauliza kwa nini betri yenyewe nisiitoe nikailaza chumbani, nikapunguza waya na maneno. Nililijaribu hilo wiki ya kwanza. Mke wangu amesikia kwamba betri za aina hiyo huweza kushika moto, akaniambia kwamba chumbani mwetu tayari kuna kitu kimoja kinachopata moto bila sababu, na kwamba hawezi kulala na viwili. Kwa hiyo betri inalala ukumbini pamoja na pikipiki yake, na mimi ninalala na lawama.

Sikukinunua chombo hiki kwa ulimbukeni. Tarehe 1 Septemba 2023 Rais Ruto alikuja hapa hapa Mombasa kuzindua mpango wa kitaifa wa pikipiki za umeme, na siku chache baadaye, kwenye mkutano wa tabianchi wa Afrika jijini Nairobi, sote tulimwona akijiendesha mwenyewe ndani ya kigari kidogo cha umeme cha rangi ya manjano. Kabla mwezi haujakatika, lita moja ya petroli ikawa shilingi 211.64 Nairobi, na mwezi uliofuata ikafika 217.36, nasi wa Mombasa tukijifariji kwa zile shilingi chache tunazopunguziwa kwa sababu meli hushushia mafuta mlangoni kwetu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilikuwa imefanya mambo mawili kwa pigo moja: kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki za umeme ikashushwa hadi sufuri, na kwenye petroli ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Hata mimi, ambaye hesabu nilikuwa nikinakili kwa jirani yangu wa dawati, nilielewa kwamba serikali inanisukuma kwa mkono wa kushoto na kunivuta kwa wa kulia.

Jambo moja nililipuuza, nalo nalijutia. Wiki moja tu kabla ya uzinduzi ule, usiku wa tarehe 25 Agosti, umeme ulikatika karibu nchi nzima, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wenyewe ukabaki gizani abiria wakiwa na masanduku yao mikononi. Mtu mwenye akili angejiuliza, ikiwa ndege zimekosa taa, pikipiki yangu itapata nini? Mimi nikachukua mkopo.

Punguzo lenyewe, kusema kweli, sijawahi kuliona kwa macho. Muuzaji aliniapia kwamba limo ndani ya bei kama chumvi ndani ya wali, halionekani ila mlaji hulihisi. Nilionja ile bei mara tatu, na kila mara niliona pilipili tu. Hata hivyo nakubali kwamba bila punguzo nisingeweza kununua, na kwamba shilingi ninazozitia kwenye umeme ni chache kuliko nilizokuwa nikizimwaga kwenye tangi. Chombo nimepata. Ninachokosa ni mahali pa kukichomeka, na hapo ndipo ugomvi wangu na serikali ulipo: imemsaidia mtu kununua punda, ikadhani majani yataota yenyewe.

Mtu atanikumbusha ile bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri iliyoanza kutumika Aprili 2023, wakati huo shilingi 16 kwa uniti, na 8 katika saa za usiku ambazo matumizi yako chini, kabla ya tozo na kodi kuongezwa. Niliposikia habari hiyo nilitaka kuibusu redio. Kumbe bei ile ni ya mita iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, na mita yetu ya vyumba sita haijui tofauti ya pikipiki na pasi ya Mama Zulekha. Ninachaji usiku wa manane, nchi ikiwa imelala na mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria unazungusha mitambo bila mtu wa kuutumia umeme wote, na bado nalipa kama mtu anayepika biriani saa moja jioni.

Sasa mtazame mwenye gari. Tangu 2019 ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10, nami simwonei kijicho, Mungu amzidishie. Lakini mtu huyo ana geti, ana maegesho, ana mita yake peke yake, na huenda ana paneli za sola juu ya paa. Hana shida ya tundu la umeme, kwa sababu nyumba yake ni matundu matupu. Ukimpa yeye punguzo la kununua, umemwongezea sukari mtu anayekunywa asali. Sisi tunaokaa vyumba vya kupanga, hata tukipewa pikipiki bure, tutaishia kugombana ukumbini saa saba za usiku.

Suala hili nilimpelekea Mzee Shali, ambaye barazani petu ndiye Waziri wa Kila Wizara. Yeye hataki ruzuku ya aina yoyote, si ya kununua wala ya kuchaji. Alinikumbusha kwamba ruzuku ya petroli ilifutwa Septemba 2022, ikarudishwa Agosti 2023, na akasema kwamba mkono unaotoa na kunyang'anya hivyo si wa kuegemea. Mpwa wake, ambaye ni baharia, amemweleza kwamba Ujerumani ilisimamisha ruzuku ya kununua magari ya umeme Desemba 2023 kwa taarifa ya siku moja tu, watu wakalala na punguzo wakaamka bila. Nikamtajia Norway, ambako serikali ilisamehe kodi kwa miaka mingi hadi mwaka 2024 takribani magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa yakawa ya umeme. Mzee akacheka hadi kofia ikamtoka. "Wale wanauza mafuta yao kwa wengine, wao wenyewe wanapanda umeme," akasema. "Wewe una kisima gani, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba hoja yake inanisaidia mimi. Punguzo la kununua laweza kufutwa kwa taarifa ya siku moja, lakini nguzo ikishasimikwa na nyaya zikavutwa, hakuna waziri atakayekuja usiku kuing'oa. Alikaa kimya kidogo, akatema mate ya tambuu, akasema kwamba vituo vya serikali hufunguliwa kwa kukata utepe, na kwamba utepe hudumu kuliko kituo. Hilo sikuwa na jibu lake.

Na msiniambie habari ya vituo vya kubadilishia betri, ambako unaacha iliyoisha na kupewa iliyojaa kwa dakika chache. Ni mpango mzuri sana kwa mtu mwenye pikipiki ya kampuni ile ile yenye kituo. Betri yangu ni ya ukoo mwingine. Nilipoifikisha kwenye kimoja, kijana akaigeuzageuza kama samaki asiyemjua, akanirudishia. Niliwahi pia kwenda kwenye maduka makubwa yenye mtambo wa kuchajia magari, mlinzi akanionyesha waya mnene kama mguu wangu na kunishauri, kwa heshima zote, nikanywe juisi.

Aibu yangu kubwa niliipata Likoni. Kivuko kile huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na siku ile nadhani wote walikuwapo. Maji yalikuwa yamekupwa, na mwenyeji yeyote anajua kwamba maji yakipwa, ile njia ya kutokea kwenye feri huwa mlima. Nilikuwa na bibi mmoja amepakata kapu la samaki, na kioo kilisoma asilimia 4. Feri ilipogusa ng'ambo, watu wakamiminika. Mimi nikafungua moto, chombo kikaenda hatua saba bila sauti yoyote, kikasita katikati ya mteremko, kikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea baharini. Pikipiki ya petroli ikikushinda, angalau hupiga kelele na watu wakajua pana taabu. Hii yangu ilikuwa inarudi kimya kimya, na mwenye mkokoteni aliyekuwa nyuma yangu alitambua tu pale taa yangu ilipomgusa tumbo.

"Mwanangu," bibi akaniuliza bila kuteremka, "ndivyo hii inavyoenda, au imekufa?"

Vijana wanne walitusukuma hadi juu, wakidai kila mmoja shilingi 50. Kwa fedha hizo ningechaji siku mbili. Tulipofika kileleni, pembeni mwa barabara, palikuwa na banda la bodaboda lililojengwa kwa bati zuri, lina benchi na sakafu ya saruji, na ukutani picha ya mheshimiwa mmoja akitabasamu meno yote 32. Nikalizunguka mara mbili nikitafuta tundu la umeme, na halikuwapo. Mabanda kama hayo yamejaa nchi nzima, na mimi siombi jipya hata moja. Naomba hayo hayo, chini ya meno ya mheshimiwa, yatiwe mita moja ya ile bei maalumu na matundu manne. Serikali ikishafanya hivyo, hata punguzo langu na ichukue, tena nitaliletea begi.

Kesi ya ukumbini iliamuliwa asubuhi. Mwenye nyumba alikuja na kanzu yake ya mikutano, akasema nilipe shilingi 1,500 za ziada kwa mwezi au nilitoe jini lile katika nyumba yake, na Mama Zulekha akaunga mkono kabla sentensi haijaisha. Kwa muda huu ninachaji kwa kinyozi wa njia panda. Ni mtu mwema, lakini ana sharti moja, kwamba tundu lake ni la wateja, na mteja ni mtu anayenyolewa. Betri yangu huchukua saa nne. Jumatatu alininyoa nywele, Jumatano akaondoa ndevu na masharubu, na leo, huku naandika haya nimekaa kwenye kiti chake na shuka shingoni, asilimia zimefika 63 na ninamwona anaziangalia nyusi zangu.