Jiji linaanzia kwenye usingizi wako

Ndugu walio nyumbani huamini kwamba aliye ughaibuni lazima awe na afya bora, kwa kuwa hospitali ziko karibu na gari la wagonjwa likiitwa linafika. Hawajakosea. Mtu akipatwa na kiharusi, jiji lenye huduma nzuri humwokoa pale ambapo kijijini pengine tungemzika. Lakini hospitali humpokea mtu akiwa ameshaugua. Mimi naangalia kinachomfikisha huko, na kwa maoni yangu jiji kubwa humwanza mtu kwenye usingizi.

Ukihamia kwenye barabara isiyolala, wenyeji watakwambia utazoea. Masikio huzoea kweli; mwili hauzoei. Gari likipita usiku unaweza usizinduke kabisa, ila mapigo ya moyo yanapanda, presha inapanda, na homoni za msongo zinaingia kwenye damu. Yakijirudia hayo mwaka baada ya mwaka, maradhi ya moyo yanapata pa kuingilia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Ulaya wa 2018, lilishauri kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Majumba mangapi ya mjini yanafikia hapo?

Taa nazo. Nyumbani, hasa vijijini, giza likiingia mwili unajua siku imekwisha. Mwanga mkali wa usiku hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. (Sisemi kijijini ni peponi. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha unaua, na wanaoubeba zaidi ni mama zetu na watoto.)

Kinachoniuma zaidi ni shifti za usiku. Kusafisha maofisi, kuhudumia wazee, kupanga mizigo maghalani: kazi ambazo jiji linataka zifanyike wengine wakiwa wamelala mara nyingi hutuangukia sisi wahamiaji. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya shifti inayovuruga saa za mwili katika kundi la mambo ambayo yumkini husababisha saratani, na 2019 likaiacha kazi ya usiku kwenye kundi hilohilo. Tunaposifiana kwamba ovataimu ipo, hili halitajwi. Vijana wanafika na miili mizima, wanafululiza usiku kwa usiku, kisha mchana wanajaribu kulala barabara ikinguruma dirishani. Pesa wanayotuma nyumbani inaonekana, inakotoka haionekani.

Kwa anayejiandaa kuja: kabla ya mshahara, uliza saa za kazi. Chumba kidogo kinachotazama uani ni bora kuliko kikubwa kinachotazama barabara. Na kama tayari uko kwenye shifti ya usiku, pima presha mara kwa mara hata kama hujisikii vibaya, maana presha ya juu mara nyingi haina dalili.