Je, Rosetta Tharpe aliliacha kanisa?

Kila mwimbaji wa injili wa kwetu anapopanda jukwaa moja na wasanii wa nyimbo za dunia, andiko hutolewa upesi: hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili. Hukumu hupita kabla hata ya mtu kuuliza aliimba nini siku hiyo. Hoja hiyo hunirudisha kwa Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili na mpiga gitaa wa Marekani, aliyeandamwa nayo tangu 1938 mpaka alipofariki 1973. Naamini wengi wa waliomhukumu walimsikia bila kumsikiliza.

Alizaliwa 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Mungu katika Kristo, kanisa la Kipentekoste, na alipiga mandolini. Akiwa na miaka sita Rosetta alikuwa tayari anazunguka naye mikutanoni, gitaa mkononi, kisha wakahamia Chicago. Anayetaka kumwelewa aanzie hapo. Makanisa mengi ya Weusi yaliyojiona ya heshima yaliogopa ngoma na gitaa kama vyombo vya ulevini. Wapentekoste hawa walivipiga mpaka sakafu ikatikisika, maana Zaburi imeagiza Bwana asifiwe kwa matari na kwa zeze. Ule mdundo ambao baadaye ilisemwa ameuokota klabu, aliukuta kwenye ibada ya mama yake.

Oktoba 1938, akiwa New York, alirekodi nyimbo nne katika kampuni ya santuri ya Decca. Mmoja ni “Rock Me”, uliotungwa na Thomas Dorsey, mtunzi wa nyimbo za injili, kama ombi la kufichwa kifuani mwa Mungu. Msimu huohuo alikuwa akiimba Cotton Club, ukumbi uliojulikana kwa kuwaweka Weusi jukwaani na Wazungu mezani. Watakatifu wa kwao waliumia, na maumivu yao nayaheshimu. Kwao nyimbo zile zilikuwa sala. Mama aliyeshinda wiki nzima akifua nguo za watu na kudharauliwa, Jumapili aliziimba machozi yakimtoka; leo anasikia zinaimbwa katikati ya glasi za pombe, mbele ya watu ambao wasingemruhusu yeye kukaa meza ya jirani. Hapo kuna kitu kimechukuliwa, na si kila aliyelalamika alikuwa na wivu. Tena Rosetta hakuishia kwenye injili. Alipokuwa na bendi ya dansi ya Lucky Millinder, mwanzoni mwa miaka ya 1940, aliimba pia nyimbo za mapenzi ambazo mchungaji yeyote angeona taabu kuzitetea. Nami sizitetei.

Lakini tazama kilichotokea baada ya hapo. Mwaka 1944 alirekodi “Strange Things Happening Every Day” pamoja na mpiga piano Sammy Price. Piano inakwenda mbio ya dansi, gitaa la umeme linajibu, na maneno yanazungumzia uongo wa watu na siku ya mwisho ya hukumu. Mwaka 1945 wimbo huo ulifika nafasi ya 2 katika orodha ya jarida la Billboard ya santuri zilizopendwa na Weusi. Orodha ile ilipimwa kwa santuri zilizochezwa zaidi kwenye mashine za muziki za kutumbukiza sarafu, za baa zikiwemo. Maana yake siku ya hukumu iliingia baa, ikachezwa na kuchezwa tena, na waliolipia sarafu zao ni walevi wenyewe. Sijui mahubiri gani ya mwaka ule yalifika huko. Kanisa lilikuwa likiomba wenye dhambi waje. Rosetta aliwafuata walipokaa.

Watu humlinganisha na Mahalia Jackson, mwimbaji mwenzake wa injili, aliyekataa blues, yaani nyimbo za dunia za Weusi wa Marekani, na kukataa kumbi za ulevi, na kanisa likamwenzi kwa hilo. Ni msimamo wa kweli, na ulimgharimu fedha. Hata hivyo Mahalia naye mwaka 1958 aliimba katika tamasha la jazi la Newport, na mwaka huohuo akarekodi na bendi ya jazi ya Duke Ellington, wala hakuandamwa kama mwenzake. Nadhani kwa Rosetta kulikuwa na jambo jingine lisilosemwa waziwazi: mwanamke kusimama na gitaa la umeme, kulichezesha kuliko wanaume, na kuonekana anafurahia.

Mahali ambapo wakosoaji wananishinda kidogo ni arusi yake ya tatu. Tarehe 3 Julai 1951 alifungishwa ndoa na Russell Morrison katika uwanja wa besiboli wa Griffith, Washington, kwa tiketi. Kwa makadirio ya wengi walifika watu zaidi ya 20,000. Baada ya viapo alivaa gitaa juu ya gauni la arusi akapiga, na fataki zikarushwa. Ndoa ni agano. Kuiuzia tiketi kunanikwaza hata mimi. Ila ile idadi hainitoki kichwani. Watu 20,000 walitoa fedha mfukoni kumwona mwanamke mmoja wa Kipentekoste akiolewa. Walimpenda kiasi hicho. Baadaye yeye na Marie Knight, mwimbaji mwenzake wa injili, walipojaribu kurekodi blues, mapenzi yale yakapoa, na kuanzia 1957 akawa anatafuta riziki Ulaya.

Mei 1964, Manchester, televisheni ya Granada ilimrekodi katika stesheni ya reli ya Wilbraham Road. Mvua imenyesha. Watazamaji, vijana wa Kiingereza, wamekaa jukwaa la ng'ambo ya reli. Anashuka kwenye gari la farasi akiwa na koti zito, anavishwa gitaa jeupe, na kwa sababu ya mvua anaanza na “Didn't It Rain”, wimbo wa gharika ya Nuhu. Kwenye solo anaung'ang'ania uzi mmoja mpaka unalia, huku akitabasamu. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi nikitafuta mtu aliyemwacha Mungu wake, na simwoni. Namwona binti wa Katie Bell Nubin akihubiri safina kwa watu walioloana.

Mwaka 1970 alipata kiharusi, kisha kisukari kikamkata mguu. Aliendelea kuimba akiwa ameketi. Alizikwa Philadelphia, katika makaburi ya Northwood, bila jiwe lenye jina lake. Zaidi ya miaka 30. Kati ya wale 20,000 wa uwanja wa Griffith, na kati ya waumini aliowaimbia tangu ana miaka sita, hakupatikana wa kuweka jiwe. Silitwishi kanisa peke yake mzigo huo, maana hata waliotajirika kwa mtindo wake wa gitaa hawakufika. Fedha zilichangwa katika tamasha la Januari 2008, ambalo Marie Knight alikuja kuliimbia, na baadaye jiwe likasimama. Maneno yaliyochongwa juu yake ni ya rafiki yake Roxie Moore, aliyemjua tangu enzi za kanisani. Yanasema aliimba mpaka ukalia, kisha akaimba mpaka ukacheza kwa furaha, na kwamba alisaidia kulifanya kanisa liwe hai.